Rampu za kumwagia oili nyumbani: namna ya kuchagua, kutengeneza na kupanda bila kuumia

Kabla hujaulizia bei ya rampu, yaani vile vipandio viwili vya kuinulia magurudumu ya mbele ili ulale chini ya gari umwage oili, chukua tepu ya kupimia ushuke nayo uani kwenye gari. Rampu nyingi zinazolala stoo hazina ubovu wowote. Zilinunuliwa tu na mtu asiyejua bampa ya gari lake iko juu kiasi gani, na siku ya kwanza alipoziweka mbele ya matairi, bampa ikazigonga kabla tairi halijaanza kupanda.

Tunazungumzia magari madogo yaliyotoka Japani ambayo ndiyo yamejaa mitaani kwetu: IST, Vitz, Premio, Probox, Noah, Mark X na ndugu zao. Mwenye Prado au Land Cruiser hahitaji kabisa. Chini ya gari lake pana uwazi wa zaidi ya sentimita 20. Atandike boksi, alale, afungue bolti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Pesa ya rampu anunulie spana nzuri.

Vipimo vya kuchukua kwenye gari

Cha kwanza ni kimo cha bampa kutoka chini. Pima mbele ya tairi, kwenye mstari ambao rampu itapita. Katikati ya gari si lazima pawe sawa na pembeni, na magari mengi yana ulimi wa raba au plastiki unaoning'inia mbele ya kila tairi. Ulimi laini ukiguswa hupinda na kurudi, kwa hiyo chukua vipimo viwili: hadi kwenye ulimi, na hadi kwenye bampa yenyewe. Matairi yawe na upepo kamili wakati wa kupima.

Cha pili ni umbali wa kulala kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi ncha ya bampa. Shusha uzi wenye nati mwishoni kutoka ncha ya bampa, weka alama sakafuni, kisha pima kurudi hadi usawa wa kitovu cha gurudumu.

Cha tatu kimeandikwa ubavuni mwa tairi. 185/65R15 maana yake tairi lina upana wa milimita 185. Upana wa ndani wa rampu, kutoka ukingo hadi ukingo, uzidi hapo kwa sentimita 4 au zaidi. Rampu ya inchi 9, yaani milimita 228, inalitosha tairi hilo vizuri. Mwenye tairi la 225 aliyefunga rimu pana asijidanganye kwa zile milimita 3 zinazobaki, kwa sababu tairi likibeba uzito hutuna, na gari likipanda upande kidogo litakanyaga ukingo.

Cha nne ni uzito wa gari, ambao utaukuta kwenye kadi ya gari.

Bampa na ukali wa mteremko

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo tupige hesabu taratibu. Chukua rampu ya plastiki ya kawaida yenye kimo cha sentimita 16.5 na mteremko wa nyuzi 17. Kutoka ncha yake ya chini hadi linapoanza jukwaa, ile sehemu ya juu ambapo tairi hukaa, ni kama sentimita 54. Iweke mbele ya gari ambalo bampa yake imetokeza sentimita 70 mbele ya kitovu cha gurudumu. Tairi lenye nusu kipenyo cha sentimita 30 likiugusa mteremko huo, ncha ya chini ya rampu iko sentimita 4 hadi 5 tu mbele ya kitovu chake. Kwa hiyo tairi linapoigusa rampu kwa mara ya kwanza, ncha ya bampa tayari imeshavuka mteremko wote na iko juu ya jukwaa, mahali rampu ilipo juu kabisa.

Bampa yako ikiwa sentimita 18 kutoka chini, inapita ikibakiza sentimita moja na nusu. Ikiwa sentimita 15, imegonga. Kile kizuizi cha mwisho wa jukwaa, ambacho huwa juu kwa sentimita 4 au 5 zaidi, kwa kawaida hakileti shida: bampa inapokifikia, tairi limeshapanda na kuiinua bampa pamoja nalo. Hatari iko pale mwanzo.

Usitegemee hesabu peke yake. Kata boksi gumu kwa umbo la rampu ukitumia vipimo vya muuzaji (kimo, urefu wa mteremko, urefu wa jukwaa), lisimamishe kwa ubavu, lisukume chini ya bampa hadi ncha yake iguse tairi. Likikwaruza bampa, usiinunue rampu hiyo. Jaribio hili halichukui hata dakika kumi, na muuzaji mwenye nia njema hatakasirika ukimwomba vipimo.

Kama umeshanunua na inagonga, tafuta mbao mbili zenye unene wa sentimita 5 na urefu usiopungua sentimita 60, uziweke kati ya tairi na rampu. Tairi linapanda ubao kwanza. IST ina mita 2.37 kati ya ekseli na ekseli. Ukiinua magurudumu ya mbele kwa sentimita 5, ncha ya bampa iliyo sentimita 70 mbele yake hupanda karibu sentimita 6 na nusu. Mara nyingi hiyo inatosha. Chonga ukingo wa nyuma wa ubao uwe na mshazari ili tairi lisiugonge kama ngazi. Kati ya ubao na mteremko tairi litazama kidogo kwenye pengo. Hilo ni la kawaida.

Rampu ndefu yenye mteremko wa nyuzi 10 au 11 humaliza tatizo lote, ila ni kubwa na inataka nafasi ya kuhifadhi. Kwa gari lililoshushwa springi, au lenye bampa ya mapambo, tunashauri uachane na rampu kabisa ununue jeki ya kitoroli na stendi mbili za kuegemezea gari.

Kimo: usitamani kirefu mno

Gari lenye uwazi wa sentimita 15 likipandishwa sentimita 16.5 linakupa zaidi ya sentimita 31 chini ya injini. Mtu mzima wa wastani anatosha hapo, na mkono unazungusha spana. Sentimita 20 zinaongeza raha. Ukizidisha hapo, mteremko unakuwa mkali au rampu inakuwa ndefu, na gari linalalia nyuma zaidi.

Huko kulalia nyuma kuna maana yake kwenye oili. Sentimita 16.5 kwa IST ni kama nyuzi 4. Kama bolti ya sampu iko upande wa nyuma wa sampu, mlalo huo unasaidia, oili yote inaikimbilia. Kama iko mbele au katikati, oili kidogo chafu itabaki kona ya nyuma. Chungulia kwanza ujue yako iko wapi. Dawa ni kuinua nyuma kwa jeki na stendi hadi gari likae sawa, au kukubali kwamba kikombe cha oili ya zamani kitachanganyika na mpya. Kwa mtu anayebadilisha oili kwa wakati, hicho kikombe hakiui injini.

Uzito ulioandikwa kwenye rampu

Soma kama namba ni ya rampu moja au ya jozi. "2T" kwenye lebo bila maelezo inaweza kuwa lolote kati ya hayo, na ukikosa maelezo ihesabu kuwa ya jozi. Zile za Marekani huandikwa kwa paundi na kwa uzito wa gari zima lililopakiwa: paundi 12,000 ni kama kilo 5,440 za gari lote, si za kila rampu.

Gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake mbele. Gari la tani moja linaweka kama kilo 600 kwenye jozi, yaani 300 kwa kila tairi. La kilo 1,600 linaweka 480 kwa kila tairi. Hata hivyo chagua jozi ambayo uwezo wake haupungui uzito wa gari lote. Tairi moja hutangulia kupanda, sakafu haiko sawa kila mahali, na ukikanyaga breki ghafla wakati wa kushuka, uzito unahamia pasipotarajiwa.

Dukani, geuza rampu juu chini. Kwenye plastiki tafuta mbavu nene zenye kukatana na raba za miguuni zilizofungwa kwa skrubu, kwa kuwa za gundi hubanduka. Plastiki iliyopauka na kutoa unga mweupe ukiipangusa imekaa juani muda mrefu, iache. Kwenye chuma tazama mshono wa kuchomelea: uwe umezunguka kiungo, usiwe vidonda viwili vitatu vya kushikizia. Jukwaa liwe na urefu wa sentimita 20 au zaidi na kibonde kidogo cha tairi kukaa. Jukwaa lililo tambarare kabisa na fupi ni kero: hujui umefika hadi umegonga kizuizi.

Kuhusu matofali

Usipandishe gari juu ya matofali ya saruji, wala usiyatumie badala ya stendi. Tofali halipindi kwanza likakuonya. Linapasuka kwa mara moja, hasa likilazwa kwa upande wenye matundu au likikaa juu ya kokoto moja. Wanaolitumia kila siku wamebahatika tu.

Rampu za mbao

Hizi ndizo tunazozipenda kwa uani. Ubao mmoja wa inchi mbili kwa kumi wenye futi 12 unatoa rampu moja, kwa hiyo nunua mbili. Chagua ulionyooka, mkavu, usio na fundo kubwa wala ufa wa kutembea. Paini iliyotiwa dawa au saiprasi vinatosha. Usiwe na hofu kwamba mbao itabonyea: kilo 350 za tairi zikienea kwenye mguso wa sentimita 18 kwa 15 ni kama kilo 1.3 kwa kila sentimita ya mraba, mzigo mdogo sana kwa mbao inayokandamizwa kwa ubapa.

Kata kila ubao vipande vinne: sentimita 120, 95, 70 na 45. Jumla ni sentimita 330 kati ya 366 zilizopo, na kile kipande kinachobaki ndicho kitakuwa kizuizi. Vipange vikiwa sawa upande wa mbele, ili upande wa kupandia ubaki na ngazi tatu zenye kina cha sentimita 25 juu ya ule ubao wa chini. Mbao ya mbili kwa kumi iliyopasuliwa hutoka na unene wa karibu sentimita 4.8, hivyo tabaka nne zinakupa kimo cha kama sentimita 19.

Paka gundi ya mbao kila tabaka, kisha funga kwa skrubu ndefu, nane kwa kila tabaka, ukipishanisha mahali. Misumari mitupu hulegea kadiri mbao inavyolowa na kukauka, na kichwa kikichomoza kinatafuta tairi. Ukingo wa kila ngazi uchonge mshazari wa sentimita 2. Kutoka kwenye kipande kilichobaki pasua ubao wa upana wa sentimita 10 na urefu sawa na upana wa rampu, uulaze mwisho wa jukwaa, uufunge kwa bolti mbili za milimita 12 zinazopita tabaka zote nne, vichwa vikiwa vimezamishwa chini. Kizuizi hakifungwi kwa skrubu peke yake. Jukwaa linabaki na kama sentimita 35 za tairi kukaa.

Umbo hili lina faida kwa bampa pia. Kwa gari lile lile la sentimita 70, tairi linapogusa ubao wa kwanza bampa iko juu ya tabaka la tatu tu, sentimita 14 na ushei kutoka chini, wala haijafika jukwaani. Kila rampu itakuwa na uzito wa karibu kilo 20, na uzito huo unaifanya isisukumwe ovyo. Ubaya wake: ni nzito kubeba, na ikilazwa juu ya udongo mchwa wataimaliza kutoka ndani bila wewe kujua. Ihifadhi ikiwa imesimama, juu ya saruji, na kila unapotaka kuitumia igongegonge kwa nyundo. Mbao iliyoliwa hutoa sauti ya utupu.

Ukimpa kazi mchomeleaji

Mpe vipimo vya maandishi, usimwambie tu "nitengenezee rampu". Fremu ya engo (chuma cha pembe) ya milimita 50 kwa 50 kwa 5, upana wa ndani milimita 230, kimo milimita 180, mteremko wa milimita 700 (hapo unapata kama nyuzi 14), jukwaa milimita 300, kizuizi cha milimita 50. Kukanyagia kuwe na nondo za milimita 16 zilizolazwa kwa kupitisha kila baada ya milimita 50, zikichomelewa ncha zote mbili. Nondo hushika tairi vizuri kuliko bati laini. Jukwaa liwe na miguu minne yenye kukatwa mshazari wa kuizuia isilale, na mteremko uwe na mguu wa kati kila upande. Chini ya miguu kuwe na bamba, na chini ya bamba kipande cha tairi kuukuu kilichofungwa kwa bolti.

Mguu wa wima usio na mshazari ndio unaoua. Gari linapopanda huisukuma rampu kwenda mbele, na mguu ulioshikwa kwa mshono wa juu tu unakunjika. Ukizipokea, pandisha gari, liache masaa kadhaa pasipo mtu chini, kisha shusha na uangalie rangi kwenye viungo. Rangi iliyopasuka kwa mstari inaonyesha mshono umecheza.

Sakafu, na kwa nini rampu hukimbia

Saruji ya kukwaruza ndiyo bora. Pavingi iliyokaa sawa inafaa. Mchanga na udongo mlaini vinahitaji ubao mpana au plaiwudi nene chini ya kila rampu, la sivyo upande mmoja utazama wakati wewe uko chini. Vigae vya uani vinavyong'aa, sahau.

Rampu hukimbia kwa sababu mbili tofauti. Kwa Mark X, Crown na magari mengine yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, magurudumu ya mbele hayavuti chochote. Yanasukumwa tu dhidi ya mteremko. Kwa nyuzi 17, nguvu ya kuisukuma rampu mbele inafikia karibu asilimia 30 ya uzito ulio juu yake, na plastiki juu ya sakafu yenye vumbi au oili haina mshiko huo. Kwa IST, Premio na zote zinazovutwa na mbele, rampu ikishabeba uzito hutulia. Tatizo lake ni dereva kukanyaga mafuta kwa pupa: tairi linazunguka papo hapo na kuitupa rampu nyuma, chini ya gari.

Dawa ya zote mbili ni moja. Chukua ukanda wa raba ngumu, mkanda wa mashine au ubavu wa tairi la lori, upana wa tairi lako na urefu wa sentimita 60. Ufunge kwenye ncha ya chini ya rampu ili ulale sakafuni kuelekea kwenye gari. Tairi linaukanyaga kabla ya kuanza kupanda, na uzito wa gari wenyewe unaishikilia rampu. Fagia vumbi kwanza.

Kupanda

Washa injini dakika tano oili ipate joto la kutiririka. Kama kuna kava ya plastiki chini ya injini, kumbuka ina klipu utakazohitaji kuzitoa, na bisibisi iwe karibu.

Nyoosha usukani, sogea mbele na nyuma kidogo ili matairi yakae moja kwa moja, kisha sukuma kila rampu hadi iguse tairi lake katikati. Pima nafasi kati ya rampu na rampu, mbele na nyuma. Zikiwa na tofauti ya zaidi ya sentimita 2, gari litapanda kwa mshazari. Msaidizi asimame ubavuni, mahali anapoiona rampu na wewe unamwona yeye kwenye dirisha. Asisimame mbele ya gari hata kidogo.

Gari la otomatiki: weka gia ya chini kabisa, mguu wa kulia uwe tayari kuhama, ongeza mafuta kidogo kidogo hadi lianze kupanda, na usiachie ghafla katikati. Unapohisi pua imelala sawa na tairi limeingia kibondeni, breki. La manyuo: gia ya kwanza, klachi nusu, mwendo mmoja bila kusita, likizimika katikati, shuka uanze upya kuliko kulazimisha klachi hadi itoe harufu ya kuungua. Kizuizi ni cha dharura. Ukikigonga kila mara kitalegea.

Weka P, au gia ya kwanza kwa manyuo, vuta hendibreki, zima. Kabari mbili nzito nyuma ya magurudumu ya nyuma na mbili mbele yake, zikiwa zimebana. Gari la mseto kama Aqua au Prius linaweza kuwasha injini lenyewe likiachwa limewashwa, kwa hiyo hakikisha taa zote za dashibodi zimezimika na ufunguo upeleke ndani ya nyumba. Kisha simama ubavuni, shika nguzo ya paa, litikise gari kwa nguvu. Likicheza, shusha upange tena. Bora litikisike sasa.

Stendi mbili chini ya sehemu za kupigia jeki, zikikaribia kugusa, ni akiba nzuri hata kwa rampu imara.

Kumwaga na kujaza

Tuchukue injini ya 1NZ-FE iliyomo kwenye IST, Probox na Premio ya 1.5. Oili yake ni lita 3.7 ukibadilisha na filta, 3.4 bila filta. Dumu la lita 4 linabaki na ya kuongezea. Bolti ya sampu ni spana namba 14, na wosha mpya (kipete cha kuziba kwenye bolti hiyo) ununue pamoja na filta. Karai liwe la lita 6 au zaidi.

Subiri dakika kumi baada ya kuzima, eksozi inaunguza. Fungua kifuniko cha juu cha oili kwanza. Weka karai likitangulia upande ambao bolti inatazama, kwa kuwa oili ya moto hurukia mbali mwanzoni, halafu inarudi wima kadiri inavyopungua. Legeza kwa spana, malizia kwa vidole ukiisukuma bolti ndani hadi nyuzi ziishe, kisha iondoe kwa mkupuo. Acha ichuruzike dakika 15.

Futa, weka wosha mpya, anza kukaza kwa vidole hadi mwisho. Ikigoma mapema, imeingia upogo. Itoe uanze tena. Kaza kwa Nm 38. Asiye na spana ya kupimia nguvu atumie spana fupi, akaze hadi bolti ikae, kisha robo mzunguko. Sampu zilizoliwa nyuzi karibu zote zilikazwa kwa spana ndefu na mtu mwenye hasira ya kazi.

Filta ya zamani ikitoka, hakikisha raba yake imetoka nayo. Ikibaki imeng'ang'ania kwenye injini na ukafunga mpya juu yake, oili itaminywa nje injini ikiwaka, na sampu inaweza kukauka kabla hujaona taa. Paka raba mpya oili kwa kidole, zungusha filta kwa mkono hadi iguse, ongeza robo tatu ya mzunguko. Hakuna spana hapo.

Jaza lita 3.4. Ondoa vifaa vyote chini, washa injini nusu dakika, zima, chungulia kwa tochi kwenye bolti na filta ukiwa pembeni. Usisome kijiti cha oili gari likiwa juu ya rampu. Lile pembe la nyuzi 4 litakudanganya ukajaza kupita kiasi au pungufu.

Kushuka

Toa stendi, karai na kabari za nyuma ya magurudumu. Za mbele yake haziwezi kuzuia kurudi, ila zitoe pia zisikusumbue. Msaidizi arudi ubavuni. Usukani uwe umenyooka. Weka gia ya kurudi nyuma, achia breki taratibu. Tairi likiwa kibondeni gari hugoma kidogo: gusa mafuta kidogo, na likivuka tu rudi kwenye breki, mteremko utalimaliza lenyewe. Hapa ndipo ulimi wa bampa hunasa rampu na kuiburuta. Msaidizi akipiga kelele, simama papo hapo.

Egesha pa tambarare, ngoja dakika tano, soma kijiti, ongeza hadi karibu na alama ya juu. Kagua tena chini asubuhi inayofuata. Oili chafu irudishe kwenye dumu lile lile la lita 4 na uipeleke gereji au kituo cha mafuta kinachopokea. Kuimwaga kwenye msingi wa nyumba kwa ajili ya mchwa ni tabia ya zamani yenye gharama, hasa kwa aliyechimba kisima uani.